Sinema Sebuleni kwa Mshahara wa Mtumishi

Juma lililopita niliahidi kuendelea na habari ya kuhifadhi maharagwe yasiingiwe na wadudu, lakini maharagwe yatangoja. Imenifikia barua ya mwalimu mmoja wa Busia, baba wa watoto wanne, ambayo nimeisoma mara tatu kwa sababu kila neno lake ningeweza kuliandika mimi mwenyewe.

Mwalimu huyu anaeleza kwamba mwezi wa Desemba alinunua televisheni kwa malipo ya kidogo kidogo. Alilipia vipindi vya dishi miezi miwili, na mwezi wa tatu akashindwa, dishi likakatwa. Sasa televisheni imekaa sebuleni imefunikwa kitambaa cha kufuma kama vile jeneza, na watoto wanaipita wakiitazama. Anauliza mambo mawili. La kwanza, mtu wa mshahara mdogo afanyeje ili jamaa yake ipate kutazama filamu nyumbani bila ya kuingia deni dukani. La pili, ni filamu zipi mtu aweza kuzitazama huku mama mkwe ameketi kiti cha pili yake.

Mimi si mtaalamu wa sinema. Nina cheti cha ualimu, nilifundisha miaka sita, na sasa natunza majalada katika ofisi ya wilaya hapa Tororo. Lakini swali hili nimelihangaikia nyumbani kwangu mwaka mzima, na nitasema niliyoyaona.

Lilianzia kwenye kibanda. Wale wasomaji wetu wanaoishi mijini wanavijua vibanda vya video: ukuta wa mabati au wa mbao, viti virefu visivyo na migongo, televisheni moja juu ya meza, spika mbili zenye kupiga kelele kuliko kinu cha kusaga, na nje ubao ulioandikwa kwa chaki saa ya filamu na jina lake, mara nyingi jina lenyewe limekosewa herufi. Kwetu hapa kiingilio ni shilingi 500 kwa filamu, na siku ya mpira kinapanda. Jumatano moja ya muhula uliopita kijana wangu wa kwanza, mwenye miaka 13, hakuonekana hadi saa mbili za usiku. Mama yake alidhani yuko kwa jirani, jirani alidhani yuko kanisani. Nilimkuta katika safu ya mbele, mdomo wazi, katikati ya madereva wa bodaboda na vijana wa kupakia saruji, wakitazama watu wa Hong Kong wakipigana mateke juu ya paa.

Nilimtoa nje. Sikumpiga, ingawa mkono uliniwasha. Njiani nilimwuliza alitafuta nini mahali pale, naye akanijibu kwa adabu kabisa, "Baba, nyumbani hakuna kitu." Nilipofika nilimsimulia mama yake nikitazamia kwamba atakasirika pamoja nami. Alinyamaza, akaendelea kupakua ugali, kisha akasema, "Amesema kweli."

Tangu usiku ule tukaazimia kwamba kila Jumamosi baada ya chakula pawe na filamu nyumbani, moja tu, na wote tuitazame.

Nieleze gharama, maana ndiyo aliyoiuliza mwalimu. Siku hizi hakuna tena kanda zile nene za video tulizozikodi tulipokuwa watoto, na ambazo ukichelewa kuzirudisha jina lako liliandikwa ukutani. Hata sahani za DVD zimepungua. Kilichobaki ni duka dogo lenye kompyuta na kijana mmoja aliyevaa visikizio. Unampelekea flashi yako, unachagua katika orodha, anakunakilia. Mtaani kwangu filamu moja ni shilingi 1,000, na sehemu moja ya mchezo wa mfululizo ni shilingi 500. Flashi yenyewe nilinunua kwa shilingi 22,000. Umeme ni jambo dogo kuliko wengi wanavyodhani: televisheni ya inchi 32 ya aina hizi mpya hutumia kama wati 40 au 50, hivyo filamu ya saa mbili haimalizi hata uniti moja ya kumi ya mita, na kwa bei za miaka hii hazifiki shilingi 100. Bisi tunakaanga wenyewe, kikombe kimoja cha mahindi makavu na kijiko kimoja cha mafuta katika sufuria yenye mfuniko, zinajaa beseni. Basi Jumamosi nzima ya watu saba inatugharimu chini ya shilingi 2,000. Kijana peke yake alikuwa akimaliza hizo kibandani kwa juma moja, nami sikujua zilikotoka. (Nilikuja kujua. Zilitoka katika fedha za kalamu.)

Katika duka hilo, mwalimu, uwe macho. Mwombe kijana aifungulie filamu katikati, si mwanzoni, uitazame dakika mbili. Nyingi zimepigwa kwa kamera ya kuiba ndani ya jumba la sinema, na katikati utaona kichwa cha mtu kinapita kwenda msalani. Usikubali faili kubwa mno. Flashi nyingi zimepangwa kwa mtindo uitwao FAT32, ambao haupokei faili moja lenye kupita gigabaiti 4, na baadhi ya televisheni haziusomi mtindo mwingine. Filamu ya gigabaiti moja inatosha kabisa kwa kioo kidogo. Tena flashi hiyo isiwe ile unayobebea mitihani ya shule. Mwenzangu mmoja ofisini aliichanganya, ikaingiwa na virusi, na ripoti ya robo mwaka ikapotea; alieleza sababu nyingi mbele ya mkubwa wake isipokuwa ile ya kweli.

Lakini hapa sina budi kusema jambo ambalo limenikaa kooni. Siku moja nilimwuliza yule kijana wa dukani kama ana ruhusa ya wenye filamu. Alicheka, si kwa ubaya, bali kama mtu aliyeulizwa kama ana ruhusa ya kupumua. Sheria ya Haki za Mtunzi na Haki Jirani ya mwaka 2006 ipo, na iko wazi kwamba kunakili na kuuza kazi ya mtu bila idhini yake ni kosa. Nami, mtumishi wa Serikali, nilikuwa nimelipa shilingi 1,000 kila Jumamosi kwa muda wa miezi mitano kwa mtu anayeuza kisicho chake.

Nikajiambia kwamba wenye filamu ni matajiri wa Hollywood, hawataikosa shilingi yangu. Hoja hiyo ilinifaa hadi siku niliposoma habari za Nabwana Isaac wa Wakaliga, kule Kampala, ambaye watu wanaliita jumba lake la filamu Wakaliwood. Mwaka 2010 alitengeneza filamu iitwayo "Who Killed Captain Alex?" kwa fedha ambazo zinasemwa kuwa hazikufika dola 200. Bunduki ni za mabomba na mbao, helikopta ni ya kompyuta, na waigizaji ni majirani. Filamu ya asili haipo tena. Aliifuta katika kompyuta ili apate nafasi ya kutengeneza nyingine, na iliyosalia ni nakala yenye sauti ya mfasiri VJ Emmie juu yake. Waigizaji wenyewe walikuwa wakichukua sahani za DVD na kwenda kuziuza nyumba kwa nyumba, tena wakifanya haraka, kwa kuwa baada ya siku chache tu wanakili wa mjini wangekuwa nazo tayari. Huyo si tajiri wa Hollywood. Huyo ni mtu anayekimbizana na kijana mwenye visikizio, na anayemlipa kijana yule ni mimi.

Sitadai kwamba mikono yangu imekwisha kuwa safi. Lakini tumebadilisha mambo kadhaa. Filamu za Uganda na za jirani zetu hatuzinakili tena. Tunanunua kwa mwenyewe, au tunazitazama katika mtandao pale mwenyewe alipoziweka. Ile ya Kapteni Alex, kwa mfano, Wakaliwood wenyewe wameiweka YouTube, na mtu aweza kuitazama bila malipo isipokuwa ya bando. Na bando lenyewe lina hesabu yake. Filamu ikichezwa kwa ubora wa juu yaweza kula gigabaiti 3 kwa saa moja. Ukiishusha kwa mkono katika mipangilio hadi ubora wa kawaida, inakula chini ya gigabaiti moja kwa saa. Simu haikuambii hivyo. Yenyewe hupenda kuchagua kilicho kizuri kwa fedha zako. Tangu Julai 2021 kila bando lina kodi ya asilimia 12 ndani yake, basi kupunguza si ubahili. Sisi tunangoja bando la usiku, lililo rahisi, tunaihifadhi filamu ndani ya programu yenyewe kwenye simu, na Jumamosi tunaunganisha simu na televisheni kwa waya.

Njia iliyotufaa zaidi kuliko zote, hata hivyo, ni ya kizamani. Ofisini tuko watumishi watano wenye sahani za DVD za halali zilizolala kabatini, na baadhi yetu tunazo mashine za kuzichezesha ambazo madukani sasa huuzwa kwa bei ya kutupa. Tumeweka daftari. Kila Ijumaa sahani zinazunguka: yangu inakwenda kwa karani wa fedha, ya karani inakwenda kwa muuguzi, na kadhalika. Hakuna anayelipa chochote, isipokuwa anayeikwaruza sahani, ambaye hununua soda za wote. Katika daftari lile kila mmoja huandika mstari mmoja wa maoni, na hiyo mistari imekuwa mchezo wa pili. Muuguzi aliandika juu ya filamu moja ya mapenzi, "Daktari huyu hajapata kunawa mikono tangu mwanzo hadi mwisho."

Kuhusu dishi, mwalimu asilipe mwaka mzima kwa ajili ya fahari. Alipie mwezi wa Desemba, watoto wawapo likizoni, kisha aache likatwe bila ya kuona haya. Vipindi vya bure vya televisheni ya taifa vitabaki.

Sasa nije kwenye filamu zenyewe, na hapo nitasema mapenzi yangu tu.

"Queen of Katwe", ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair, ndiyo niliyoianza nayo, na sijuti. Inasimulia habari za kweli za Phiona Mutesi, msichana wa Katwe aliyekuwa akiuza mahindi na ambaye alijifunza sataranji kwa mwalimu Robert Katende hadi akaiwakilisha nchi. Wengi humsifu Lupita Nyong'o aliyecheza nafasi ya mama, na anastahili. Lakini mimi nilivutwa na yule mtoto Madina Nalwanga, ambaye hajui kujipendekeza mbele ya kamera. Mke wangu alisema jambo ambalo sikulifikiri: kwamba katika filamu hii mvua inaponyesha, watu wanapoteza nyumba, si kama zile filamu ambazo mvua hunyesha ili wapenzi wakumbatiane. Mama mkwe aweza kuitazama bila shida.

Juu ya "The Last King of Scotland" nina neno la onyo. Forest Whitaker alipewa Tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Idi Amin, na kwa kweli anatisha. Lakini yule daktari kijana wa Kiskoti ambaye hadithi yote inapita machoni pake hakuwapo duniani. Ni wa kubuni, ametoka katika riwaya ya Giles Foden. Kijana wangu aliitazama kibandani, na kwa majuma mawili aliniambia habari za daktari huyo kama historia. Si ya watoto, tena si ya wakwe. "Mississippi Masala" ya mwaka 1991, ya Mira Nair huyo huyo, inayoanzia Kampala wakati Wahindi walipofukuzwa mwaka 1972, ni nzuri kwa mume na mke baada ya watoto kulala.

Kwa watoto ningependekeza "Supa Modo" ya Kenya, ya mwaka 2018. Lakini mzazi aitazame kwanza peke yake, maana ni habari ya mtoto mgonjwa asiyetarajiwa kupona, anayeota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinajitahidi kumfanya aamini hivyo. Wangu walicheka sana. Waliolia ni wakubwa.

Yaliyobaki nitayatumia kusimulia filamu moja, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nitake kuijibu barua hii.

Mama yangu mzazi anakaa nasi. Alikulia katika nyumba za Reli, baba yake akiwa fundi wa njia, na kwa sababu hiyo Kiswahili ndicho anachokiongea kwa raha pamoja na Kidhopadhola. Kiingereza anakisikia kidogo. Jumamosi za kwanza alikuwa akisinzia kitini filamu inapofika nusu, kisha anaamka na kuuliza nani amekufa. Nilipomwambia kwamba kibandani kuna wafasiri, akina VJ Jingo na wenzake, ambao huipunguza sauti ya filamu na kusimulia yote kwa Kiganda kwa mikogo na mizaha yao wenyewe, na kwamba upande wa Tanzania mtu aitwaye Lufufu alijipatia jina kubwa kwa kufanya hivyo kwa Kiswahili, alisema, "Basi wewe mwalimu unashindwa nini?"

Kazi hiyo si ngeni katika nchi zetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na mradi wao kule Vugiri, katika milima ya Usambara, wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika juu ya safura, akiba ya posta na mambo kama hayo, na gari lao lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Maelezo yalikuwa katika santuri, lugha mbalimbali, yakichezwa sambamba na picha. Na baadaye, katika magari ya sinema ya Serikali, alikuwapo mtu mwenye kipaza sauti akiwaeleza wananchi wanachokiona. Hapana shaka yeye naye aliongeza chumvi yake.

Basi nikawa mfasiri wa nyumbani. Naketi karibu na Mama, nasema kwa sauti ya chini. Nilifurahia. Nilitambua upesi kwamba mfasiri ana mamlaka: ukichoka na mazungumzo marefu unayakata kwa maneno mawili, na mtu asemapo tusi wewe wasema "mjinga wewe" na mambo yanakwisha.

Mwezi wa sita ilikuwa zamu yetu ya kupokea sahani ya "Neria". Ni filamu ya Zimbabwe, ya mwaka 1993, iliyoongozwa na Godwin Mawuru kutokana na hadithi ya Tsitsi Dangarembga, na ndani yake yumo marehemu Oliver Mtukudzi akicheza nafasi ya ndugu wa Neria. Picha zake zimechakaa kwa macho ya vijana wa leo, na mwanzo wake ni wa polepole. Mume na mke wamejenga maisha mjini kwa jasho la wote wawili; mume anakufa ajalini; ndugu wa mume, Phineas, anakuja na maneno matamu ya mila, na kidogo kidogo anachukua vitu vya nyumbani, kisha nyumba, kisha watoto.

Nilikuwa sijaitazama kabla. Hilo ndilo kosa langu, na ndiyo sababu nimemwonya mwalimu juu ya kutazama kwanza. Nilipoona inakoelekea, ulimi ulinishika. Baba yangu alifariki mwaka 2004, nikiwa katika sekondari. Alikuwa amekwisha kununua mabati thelathini ya kuezekea nyumba mpya. Siku ya kumaliza matanga baba mdogo alikuja na mkokoteni, akayachukua mabati, akachukua na baiskeli, na mvua zilipoanza akalima shamba la bondeni lililokuwa letu. Alisema anatutunzia. Tangu siku ile sikupata kumsikia Mama akilitaja jambo hilo hata mara moja, nasi watoto hatukulitaja mbele yake. Tulidhani ndiyo heshima.

Phineas alikuwa akisema kwenye kioo, nami nilikuwa nimenyamaza.

"Mbona hukufasiri?" Mama aliuliza. "Anasema nini huyo bwana?"

"Anasema," nikamjibu, "kwamba atawatunza."

Kijana wangu, yule wa kibandani, aligeuka kutoka mkekani. "Hapana, Bibi. Sivyo alivyosema. Amesema vitu vyote sasa ni vyake."

Nilitaka ardhi inimeze. Mke wangu aliinuka kama anayekwenda kutazama jiko. Mama aliinua mkono, akaniambia niisimamishe sahani, nikaisimamisha, na uso wa Phineas ukabaki pale umekwama mdomo ukiwa nusu wazi. Mama aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Na yule wetu alisema hivyo hivyo, kwamba atatutunza. Mabati thelathini."

"Mabati gani, Bibi?" mtoto akauliza.

Akamweleza. Alimweleza kwa utaratibu, bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma orodha ya vitu ghalani: mabati thelathini ya geji nzito, yaliyonunuliwa dukani kwa Mhindi kwa fedha za misimu mitatu ya pamba, baiskeli yenye dinamo, shamba la bondeni na mwembe wake. Alijua hata siku ya juma. Miaka ishirini na zaidi alikuwa amevihifadhi vyote kichwani, na hapana mtu aliyemwuliza, hata mimi mwenye kazi ya kutunza majalada.

Alipokwisha alisema tuendelee, na akamwambia mjukuu wake akae karibu afasiri yeye. Mimi nikaondolewa kazini. Neria alipokwenda mahakamani Mama alivuta kiti mbele. Hukumu ilipotoka upande wake hakupiga makofi kama watoto. Aliniuliza kama mahakama ya namna ile ipo kwetu. Nikamweleza kwamba mume akifariki bila wosia sheria yetu inamtengea mjane fungu lake, na kwamba kwa marekebisho ya Sheria ya Urithi ya mwaka 2022 fungu hilo limepanda kutoka asilimia 15 hadi asilimia 20, la watoto ni asilimia 75, tena ni kosa la jinai kumfukuza mjane au mgane katika nyumba waliyoishi kama mke na mume.

"Mwaka gani, ulisema?"

"2022, Mama."

"Baba yenu alifariki 2004," akasema, na akarudi kwenye karanga zake.

Juma lililofuata nilikwenda kwa baba mdogo. Ni mzee sasa, haoni vizuri. Habari za huko ni za jamaa, sitaziandika gazetini, ila nitasema kwamba mwembe ungalipo na kwamba mazungumzo hayajakwisha.

Kwa hiyo mwalimu wa Busia aniwie radhi ikiwa jibu limekwenda mbali na flashi yake. Filamu ya kutazama na mama mkwe ipo, ni hiyo ya "Neria", lakini aketi tayari kwa lolote, na kama kuna mtoto anayejua Kiingereza kuliko yeye asijaribu kufasiri kwa hila. Kijana wangu ndiye mfasiri rasmi wa nyumbani tangu siku ile. Anatia mizaha kidogo, nadhani ameitoa kibandani, na Bibi yake humkanya, kisha anacheka. Kibandani bado hwenda mara moja moja, siku za mpira, kwa ruhusa na kabla ya giza.

Neno la mwisho ni la karani wa fedha, mwenye sahani hiyo, ambaye najua anausoma ukurasa huu. Ndugu, daftari linasema niirudishe Ijumaa, na hizo zimepita Ijumaa tano. Sikuipoteza. Iko chini ya mto wa Mama, ndani ya jalada lake, haina mkwaruzo. Nimemwomba mara mbili anipe, na mara zote mbili ameniambia kwamba hajamaliza kuitazama. Soda nitanunua.